Namna ya Kuipima Sera ya Nafaka ya Ruzuku, Kuanzia Ghalani Hadi Jikoni

Serikali inapotangaza nafaka ya ruzuku, tangazo huwa na namba mbili kubwa: bei mpya na idadi ya tani. Namba hizo ndizo zinazonukuliwa redioni na magazetini, na ndizo zinazosifiwa au kubezwa siku nzima, ilhali hazitoshi kumjulisha mwananchi, diwani au mwandishi wa habari kama sera hiyo italisha watu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote anayetakiwa kutoa maoni kuhusu sera ya aina hiyo, iwe kwenye kikao cha bajeti, kwenye mkutano wa hadhara au kwenye makala. Njia yake ni moja: chagua gunia moja la nafaka ya serikali, ulifuate tangu linaponunuliwa hadi linapofunguliwa nyumbani kwa mtu, na kila linapobadilisha mikono uulize nani amelipa, nani amepokea na nani ameandika.

Jua kwanza ruzuku inaingia mfuko wa nani

Neno ruzuku hufunika mambo yasiyofanana. Serikali inaweza kumlipa mkulima bei iliyo juu kuliko ya soko, inaweza kumpunguzia bei ya mbolea na mbegu, inaweza kumlipa mwenye kiwanda cha kusaga ili ashushe bei ya unga, au inaweza kumuuzia mlaji nafaka kwa bei iliyo chini ya gharama yake. Kila njia ina mnufaika wake wa kwanza, naye si lazima awe yule anayetajwa kwenye hotuba. Kwa hiyo, kabla ya kusoma jambo lingine lolote katika waraka wa sera, tafuta fungu linaloeleza fedha zinalipwa kwa nani.

Kenya imewahi kupitisha ruzuku ya unga wa mahindi kwa wenye viwanda vya kusaga. Mwaka 2017 pakiti ya kilo 2 ilipangiwa bei ya shilingi 90, na Julai 2022 ikapangiwa shilingi 100. Bei ya pakiti ilishuka kweli pale pakiti ilipopatikana, lakini mtu anayenunua mahindi yake kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, na kuyapeleka kwenye kinu cha mtaani hakuguswa na ruzuku hiyo moja kwa moja, kwa sababu yeye hanunui unga wa pakiti. Ukiwa unaipima sera ya namna hii, uliza kwanza maskini wa mahali husika wananunua chakula chao katika umbo gani na kwa kipimo gani, kisha uone kama ruzuku imewekwa kwenye umbo hilo au kwenye jingine.

Misri ilijifunza somo linalofanana na hilo kwa upande wa mkate. Kwa miaka mingi serikali iliwauzia wenye tanuri unga wa bei ya chini, na pengo kati ya bei hiyo na bei ya soko likawa kishawishi kikubwa cha kuuza unga pembeni badala ya kuoka mkate. Kuanzia mwaka 2014 utaratibu ulibadilishwa: mwenye tanuri akawa ananunua unga kwa bei kamili, na serikali ikawa inamfidia kwa kila mkate uliouzwa kwa kadi ya mwananchi, kwa kiwango cha mikate 5 kwa mtu kwa siku. Ruzuku ilihamishwa kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Ninaliona hili kuwa jambo la kwanza la kulitafuta katika sera yoyote, kwa sababu kila mkono ambao nafaka hupitia ikiwa na bei ya chini ni mkono wenye sababu ya kuichepusha.

Piga hesabu ya jikoni

Hatua ya pili ni kuzigeuza tani kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Hesabu hii ni nyepesi, na bado hufanywa mara chache mno.

Chukua Sheria ya Taifa ya Usalama wa Chakula ya India, iliyopitishwa mwaka 2013, ambayo ndiyo sheria kubwa kuliko zote duniani za aina hii kwa idadi ya watu inaowagusa. Sheria hiyo inampa kila mtu aliye katika kaya za kipaumbele kilo 5 za nafaka kwa mwezi, na bei zilizoandikwa ndani yake zilikuwa rupia 3 kwa kilo ya mchele, rupia 2 kwa ngano na rupia 1 kwa nafaka kama mtama na uwele. Tangu Januari 2023 nafaka hiyo hutolewa bure. Sasa gawanya: kilo 5 kwa siku 30 ni takriban gramu 167 kwa siku. Kilo moja ya nafaka kavu hutoa nishati ya takriban kilokalori 3,500, hivyo mgao huo unampa mtu kilokalori zisizofika 600 kwa siku, wakati kiwango kinachotumika kupangia misaada ya chakula ni kilokalori 2,100. Mgao mzima, hata ukifika bila kupungua punje moja, ni zaidi kidogo ya robo ya mahitaji.

Hesabu hiyo haiikosoi sheria yenyewe. Robo ya chakula isiyotegemea bahati inamwachia mama wa familia fedha za maharage, mafuta na mboga, na humwepusha kukopa kwa riba. Hesabu hiyo inakuzuia tu kuamini kauli ya kwamba watu fulani “wamelishwa” kwa sababu tu wamo kwenye orodha. Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 uliweka maana ya usalama wa chakula kuwa ni hali ya watu wote, wakati wote, kukifikia chakula cha kutosha, salama na chenye lishe kwa ajili ya maisha yenye uhai na afya. Nafaka pekee haiwezi kutimiza maana hiyo, na sera inayodai kuitimiza kwa nafaka pekee inapaswa kuulizwa protini na mafuta vitatoka wapi.

Angalia pia kama mgao unahesabiwa kwa mtu au kwa kaya. Nchini India kaya maskini kuliko zote, zilizo kwenye mpango uitwao Antyodaya ulioanza mwaka 2000, hupata kilo 35 kwa kaya kwa mwezi bila kujali idadi ya watu. Kwa wajane wanaoishi wawili wawili huo ni msaada mkubwa sana. Kwa kaya ya watu 7 ni sawasawa na kilo 5 kwa mtu, na kwa kaya ya watu 8 kila mmoja anapata chini ya yule wa kaya ya kipaumbele, ingawa kaya yao ndiyo iliyotajwa kuwa maskini zaidi. Maneno mawili, “kwa kaya”, yanatosha kupindua nia ya sera nzima, na ndiyo maana vifungu vya sheria husomwa na penseli mkononi.

Soma orodha ya walengwa na kutafuta majina yasiyokuwamo

Sera ya nafaka ya ruzuku inaweza kumhudumia kila anayeitaka au kuwachagua walio maskini. Kuchagua kunapunguza gharama kwenye karatasi, lakini huzaa makosa ya aina mbili: wenye uwezo huingia, na wenye njaa huachwa nje. Kosa la kwanza linaigharimu hazina fedha. La pili linamgharimu mtu afya yake, pengine uhai wake, na kwa sababu hiyo siyaweki makosa haya mawili kwenye mizani moja. Mkaguzi mwema huanza kuwatafuta waliokosa.

India ilianza kuchagua walengwa kitaifa mwaka 1997, huku jimbo la Tamil Nadu likiendelea kuwahudumia wakazi wake wote. Sheria ya 2013 ilipanua wigo hadi asilimia 75 ya watu wa vijijini na asilimia 50 ya watu wa mijini, na ikaagiza kadi iandikwe kwa jina la mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote katika kaya, mradi awe amefikisha miaka 18. Mambo hayo ni mazuri. Hata hivyo idadi ya watu wa kuhudumiwa ilikokotolewa kwa sensa ya mwaka 2011, na sensa iliyotarajiwa mwaka 2021 haikufanyika kwa wakati. Watoto waliozaliwa baadaye na familia zilizoanzishwa baadaye hubanana ndani ya idadi ileile ya zamani. Popote utakapoipima sera ya mgao, uliza orodha imejengwa juu ya hesabu ya mwaka gani, hufanyiwa marekebisho lini, na mtu aliyezaliwa, aliyehama au aliyeolewa anaingizwa kwa utaratibu gani.

Kisha uliza kuhusu kidole. Mifumo mingi siku hizi hudai alama ya kidole kabla ya kutoa mgao, kwa hoja njema ya kuzuia kadi hewa. Lakini vidole vya mtu aliyefyatua matofali au kulima kwa jembe miaka 40 huwa vimesugulika, vya mzee hukauka, na mtandao hukatika siku yoyote. Mashine ikimkataa bibi aliyetembea saa mbili, je, pana daftari la kusaini? Je, anaweza kumtuma mjukuu? Je, muuzaji anaruhusiwa kumpa kwanza na kuthibitisha baadaye? Ikiwa majibu hayamo kwenye kanuni zilizoandikwa, jua kwamba uamuzi umeachwa kwa mtu aliye nyuma ya kaunta. Kwa wahamaji India ilianza mwaka 2019 utaratibu wa kadi moja kwa nchi nzima, ili kibarua aliyetoka jimbo moja achukue mgao wake katika jimbo anakofanyia kazi, na swali hilo la wahamaji linafaa kuulizwa katika kila nchi ambako watu hufuata vibarua kwa msimu.

Chunguza ununuzi: bei, siku na mizani

Kuna mambo matatu ya kuangalia serikali inaponunua nafaka. La kwanza ni bei, na zaidi ya bei yenyewe ni wakati inapotangazwa. India ina bei ya chini ya kumlinda mkulima, ambayo hutangazwa kwa kila msimu ili apange atapanda nini. Bei inayotangazwa baada ya mavuno inamnufaisha aliyekwisha kununua, yaani mlanguzi mwenye ghala. Mkulima mdogo huuza mapema kwa sababu ana deni na ada za shule. Wakala wa serikali akifungua kituo wiki sita baada ya mavuno, atakutana na nafaka ya mkulima mikononi mwa mchuuzi, na ruzuku iliyokusudiwa shamba itaishia sokoni.

La pili ni kiasi. Serikali ikinunua kidogo mno, bei yake haina nguvu; ikinunua karibu kila kitu, inawafukuza wafanyabiashara na kujibebesha mzigo isioweza kuutunza. Zambia, kupitia wakala wake wa akiba ya chakula, ilinunua sehemu kubwa sana ya mahindi yote yaliyoingia sokoni baada ya mavuno mazuri ya mwaka 2010 na 2011, na maghala hayakutosha. Mahindi mengi yalifunikwa maturubai nje, na mengine yakaharibika. Bei nzuri pia huvuta kilimo upande mmoja: katika majimbo ya Punjab na Haryana nchini India uhakika wa kuuza mchele na ngano kwa serikali umewafanya wakulima wang’ang’anie mazao hayo mawili hata maji ya chini ya ardhi yakazidi kushuka.

La tatu ni mizani. Nenda kwenye kituo cha kununulia siku ya kazi, usimame karibu na mizani kwa saa moja. Angalia kama mizani ina alama ya ukaguzi ya mwaka huo, kama uzito wa gunia tupu unatolewa kwa kiasi sahihi, na kama mkulima anapewa stakabadhi yenye uzito, daraja na bei kabla gunia halijaondoka machoni pake. Tanzania inapiga marufuku lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, kwa sababu kilemba hicho ni nafaka ambayo mkulima hailipwi. Serikali isiyozuia lumbesa kwenye vituo vyake yenyewe haiwezi kusema inamlinda mkulima. Malizia kwa kuuliza malipo hufanywa baada ya siku ngapi, maana bei nzuri inayolipwa baada ya miezi mitatu ni sawa na mkopo ambao mkulima anaipa serikali bila riba.

Ingia ghalani

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu kuliko pengine popote, kwa kuwa ghala ndilo moyo wa usalama wa chakula wa taifa na ndilo linalokaguliwa kidogo kuliko yote. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya nafaka huoza, na huoza haraka ikipokelewa mbichi.

Anza na unyevu. Kiwango cha mahindi kinachotumika Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu mashariki mwa Kenya na 125 miongoni mwao walifariki, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Omba daftari la mapokezi na uangalie kama unyevu umeandikwa kwa kila shehena au umeandikwa namba ileile ukurasa mzima. Namba moja ikijirudia mistari 40 inaonyesha kwamba kipimo hakikutumika. Omba pia uone bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli, likichomwa kwenye magunia ya katikati na ya chini, siyo yale ya mbele pekee. Ikitoka nafaka yenye joto, yenye harufu ya uvundo au yenye unga unaoachwa na dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, cheti cha ubora kilichobandikwa mlangoni hakina maana tena.

Unyevu una kazi nyingine ambayo mkaguzi anapaswa kuijua, nayo ni hesabu ya upungufu. Gunia la kilo 100 lililopokelewa likiwa na unyevu wa asilimia 18 na likatoka na asilimia 13.5 litakuwa na takriban kilo 95, na hakuna aliyeiba. Kilichopotea ni maji, ingawa serikali iliyalipia kwa bei ya nafaka. Kwa nafaka iliyokwisha kukauka, kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huondoa kilo moja na kidogo katika kila kilo 100. Mtunza ghala akisema kilo 4 kwa gunia zimepotea kwa kukauka, muulize unyevu ulikuwa asilimia ngapi siku ya kuingia na asilimia ngapi siku ya kutoka. Akiwa na namba mbili zinazolingana na upungufu huo, yuko sawa. Asipokuwa nazo, usiyapokee maelezo hayo, na usiyaandike kwenye taarifa yako kana kwamba yamethibitishwa.

Tazama mpangilio. Magunia yakae juu ya chaga, yaachane na ukuta ili mtu apite na panya aonekane, na kila mlundo uwe na kadi inayoonyesha tarehe ya kuingia, idadi na tarehe ya mwisho ya kufukizwa. Hesabu mlundo kwa tabaka, na ikiwezekana panda juu uangalie katikati, maana mlundo unaoonekana umejaa kutoka mlangoni unaweza kuwa na shimo ndani. Iliyoingia kwanza itoke kwanza: ukikuta nafaka ya mwaka juzi nyuma ya nafaka ya mwaka huu, ghala hilo linahifadhi hasara.

Kisha rudi kwenye swali la kitaifa: akiba ni ya nini, na inafunguliwa lini? Malawi mwaka 2001 iliuza karibu akiba yake yote ya mahindi, katika wakati ambapo makadirio ya mavuno, hasa ya mihogo na viazi, yalikuwa yamepita kiasi. Mwaka 2002 njaa ilipoingia, akiba haikuwapo. India mwaka huohuo wa 2001 ilikuwa na tatizo la upande wa pili: maghala yalijaa kupita kiwango kilichowekwa huku watu wakilala njaa katika majimbo yaliyokumbwa na ukame, hadi wanaharakati wa haki za raia wakafungua shauri Mahakama ya Juu. Maagizo ya mahakama katika shauri hilo, yakiwamo ya kuwapa watoto chakula kilichopikwa shuleni, yalisaidia kuijenga njia iliyofikia sheria ya 2013. Nchi hizo mbili, moja ikiwa na ghala tupu na nyingine ghala lililofurika, zilikosa kitu kilekile: kanuni iliyoandikwa mapema ya kusema akiba inunuliwe hadi kiasi gani, na ifunguliwe bei au upungufu ukifika wapi. Itafute kanuni hiyo katika sera unayoipima. Ikiwa uamuzi umeachiwa “mamlaka husika kadiri itakavyoona inafaa”, pendekeza namba ziandikwe.

Pima kinachovuja njiani

Uvujaji hupimwa kwa kulinganisha hesabu mbili: nafaka iliyotoka ghalani na nafaka ambayo kaya zenyewe zinasema zimepokea. Nchini India makadirio yaliyofanywa na wachumi kwa kutumia tafiti za matumizi ya kaya yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nafaka ya mgao haikufika majumbani mwaka 2004–05, na kwamba kiwango kilishuka hadi takriban asilimia 42 mwaka 2011–12. Jimbo la Chhattisgarh lilipiga hatua kubwa kuliko mengi. Liliwanyang’anya wafanyabiashara binafsi maduka ya mgao na kuyakabidhi kwa halmashauri za vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya wanawake. Likaongeza kamisheni ya muuzaji ili aweze kuishi bila kuiba. Likapeleka nafaka hadi mlangoni mwa duka kwa malori ya serikali yaliyopakwa rangi moja inayotambulika. Na likawatumia watu ujumbe wa simu lori linapoondoka ghalani.

Wengi huiona teknolojia katika habari hii wakaikosa kamisheni. Muuzaji anayelipwa kiasi kisichotosha hata kodi ya chumba ameshapewa maelekezo ya kimyakimya ya kupunja mizani. Kwa hiyo, unapoipima sera, uliza muuzaji wa mwisho anapata kiasi gani kwa kila gunia, toa kodi, kibarua na usafiri, uone kinachobaki.

Tafuta gharama kamili, na siku ya mwisho

Bei ya ununuzi ni sehemu tu ya gharama. Ongeza magunia, usafiri, ulinzi, dawa za kufukiza, mishahara, upotevu na riba ya mkopo ulionunulia nafaka, kisha ugawe kwa kilo zilizomfikia mlaji, siyo kwa kilo zilizonunuliwa. Angalia pia kama deni la wakala wa chakula limo ndani ya bajeti. Shirika la Chakula la India, lililoanzishwa mwaka 1965, lilikuwa likibebeshwa mikopo mikubwa nje ya bajeti ya serikali, na mwaka 2021 ndipo bajeti ya nchi hiyo ilipoiweka wazi na kuilipa. Mwaka ule takwimu ya ruzuku iliruka ghafla, ingawa walaji hawakuwa wameongezewa kwa kiasi hicho. Kilichokuwa kimefichwa ndicho kilichoonekana.

Ruzuku ya muda mfupi iwe na tarehe ya kuisha, na ya kudumu iwe na njia ya kubadilisha bei kidogokidogo. Misri ilipojaribu kupandisha bei za vyakula kwa mkupuo Januari 1977, ghasia zilizuka na bei zikarudishwa. Mkate wa ruzuku ukabaki piasta 5, sarafu ndogo ya nchi hiyo, tangu 1989 hadi Juni 2024, ulipopandishwa hadi piasta 20. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2020, uzito wa mkate ulipunguzwa kutoka gramu 110 hadi 90, na bei ikabaki ileile. Usipime bei bila kupima uzito.

Kuhusu mipaka nitasema kidogo. Serikali inayozuia nafaka isitoke nje inawatuliza walaji wake na kuwaumiza wakulima wake kwa wakati mmoja, tena huwaumiza walaji wa nchi nyingine: India, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa wa mchele duniani, ilizuia mchele mweupe usio wa basmati kuuzwa nje kuanzia Julai 2023 hadi Septemba 2024, na bei ya mchele duniani ikapanda. Nchi inayotegemea kuagiza iandike katika sera yake itafanya nini siku muuzaji wake akifunga mlango.

Hakikisha pana mahali pa kulalamikia

Msaada unaoweza kukatwa bila mtu kujibu swali ni hisani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Sheria ya India inaweka ofisa wa malalamiko katika kila wilaya, tume ya chakula katika kila jimbo, ukaguzi wa kijamii wa maduka ya mgao, na posho ya fedha kwa mtu aliyenyimwa nafaka anayostahili. Waulize walengwa wenyewe kama wanamjua ofisa huyo na kama yupo aliyewahi kulipwa posho. Rejista ya malalamiko isiyo na lalamiko hata moja kwa mwaka mzima haimaanishi kwamba huduma ni nzuri; mara nyingi inamaanisha kwamba watu hawajui ilipo, au wanaogopa kuandikwa ndani yake.

Sehemu ya mwisho ya kazi hii hufanyika dukani siku ya mgao, katika ule mwezi ambao akiba za majumbani zimekwisha na mavuno hayajafika, kwa kuwa duka lililo wazi wakati wa mavuno na tupu wakati wa upungufu halina msaada. Beba mizani ndogo ya mkononi. Simama mbali kidogo na mlango, na kwa idhini ya wenyewe pima mifuko ya watu 10 wanaotoka, mmoja baada ya mwingine. Andika uzito wa kila mfuko pembeni ya kiasi kilichoandikwa kwenye kadi, fedha walizolipa, na saa walizosubiri. Uliza pia waliorudi mikono mitupu waliambiwa nini, neno kwa neno. Kisha linganisha karatasi yako na taarifa ya mwezi iliyotumwa makao makuu kutoka duka hilohilo, na popote namba zinapoachana, anzia hapo kurudi nyuma hadi ghalani.